Maporomoko ya Uluguru: nilijua vinyonga wetu ndiyo basi tena

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Buti zangu bado zina tope ninapoandika hapa, kwa hiyo atakayesema hii ni chai aje kwanza kwangu Mafiga azione.

Mimi naongoza wageni. Nawapandisha Uluguru kuona vinyonga wadogo wa rangi ya jani kavu, kinyonga mzima hazidi kidole. Dunia nzima wanaishi kwenye milima hii tu.

Mtafiti mmoja niliyemwongoza aliwahi kuniambia msitu wetu ni kisiwa, ila umezungukwa na joto na mashamba badala ya bahari. Hawa viumbe hawana pa kuhamia.

Sasa mvua za juzi zikaporomosha ubavu wa mlima. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini tope lilibeba migomba pamoja na kile kipande cha msitu nilichozoea kupeleka wageni.

Nilikuwa na stress mbaya. Sio kwa ajili ya kazi tu, hao wadudu nawapenda kweli, nichekeni tu.

Njia ilipopitika nikapanda. Miti iliyoanguka nikaikuta imeshageuka kuni. Siwalaumu watu, kuni za bure mlangoni nani aziache? Nikaendelea kupanda.

Mbele kidogo, jirani na nyumba ya Bibi Mwanaidi, mti mmoja mkubwa umelala na matawi yake yote, haujaguswa na panga. Nikampa bibi shikamoo, nikamuuliza imekuwaje.

"Marahaba, mwanangu. Huo una wale vinyonga. Nimewaambia watu, hakuna aliyeusogelea."

Wakuu, miaka yote nimemhubiria huyu bibi na majirani zake kwamba kinyonga hana sumu wala mkosi. Wangenisikiliza wakaacha kuwaogopa, ule mti ungekuwa umeshaivisha maharage.

Nikaingia kwenye matawi taratibu. Nikamwona mmoja. Halafu mwingine, jike, tumbo limejaa mayai. Nilikaa kwenye tope nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikampigia yule mtafiti. Akasema jua likiwaka pale watakauka, niwapeleke kwenye msitu wa jirani uliobaki umesimama. Nikawa nawabeba mmoja mmoja juu ya kijiti. Bibi kasimama mbali, kanga mdomoni, akaniamuru nisipite nao mbele ya mlango wake. Nikazunguka nyuma, na manyunyu na utelezi wote ule.

Niliporudi nilimkuta palepale, ananisubiri.

"Wamefika?"

Nikamwambia wamefika wote. Akashusha pumzi, akaingia jikoni kunitolea ndizi za moto. Sijawahi kula ndizi tamu vile.

Nilikuwa naamini ili mtu amlinde mnyama lazima ampende kwanza. Bibi Mwanaidi hawapendi hata kidogo, na bado alisimama kwenye manyunyu mpaka ajue wamefika.

Mlioko milima mingine, hali ikoje huko baada ya mvua? Na wa kuniambia nimejibebea mikosi, semeni tu, bibi keshawatangulia kusema.