Mkristo wa Kibuyu

Nilimsahihisha bibi yangu kanisani, mbele ya padri, kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia. Nalitaja kosa hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu nikiliweka mwisho nitapata muda wa kulipamba. Kanisa lenyewe lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi, juu ya kilima upande wa Igamba. Hadi leo nikipita karibu na banda lenye nyasi zilizoloa mvua, nikisikia ile harufu yake ya uvundo kidogo iliyochanganyika na moshi wa nguo za watu waliotoka jikoni asubuhi, najiona tena kwenye benchi la mbele, shingo nimeinyoosha, mdomo uko wazi.

Wakati huo hatukuwa parokia. Tulikuwa kigango tu, na padri alifika mara chache kwa mwaka kutoka misheni ya mbali. Pikipiki yake aliiacha ng'ambo ya mto akapanda kilima kwa miguu, kanzu ameikunja kiunoni. Jumapili nyingine zote tulisali na katekista wetu, Mwalimu Gaspari, mtu mrefu aliyekuwa na kikohozi na aliyeogopwa na watoto bila sababu. Padri alipokuja kulikuwa na Misa, na katika Misa kulikuwa na desturi moja ambayo kila mtu aliiona ya kawaida. Mahubiri yakiisha, Mwalimu Gaspari alisimama na kusema, "Wakatekumeni, nendeni kwa amani." Basi wote waliokuwa bado wanafundishwa dini, wasiobatizwa, walinyanyuka na kutoka, na mlango wa matete ukafungwa nyuma yao. Waliobaki ndani ndio waliokuwa Wakristo hasa.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akitoka na hao. Alitoka wa mwisho siku zote, taratibu, kana kwamba kuna mtu angebadili mawazo na kumwita. Halafu alizunguka nyuma, akakaa chini ya upenu mahali alipotoboa tundu ukutani kwa kidole, na kupitia tundu hilo aliiona Misa nusu nusu. Mwalimu Gaspari aliliziba kwa udongo. Bibi akalitoboa tena. Nadhani ilifika mahali wakazoeana, huyu anaziba, huyu anatoboa, wala hawakuwahi kulizungumzia. Mama alimwambia, "Mama, utatutia aibu." Bibi akamjibu kwamba aibu ni ya ukuta uliojengwa vibaya.

Alikuwa na sababu ya kuutaka ubatizo kuliko watu wengine. Babu alibatizwa mwaka mmoja kabla hajafa, akazikwa nyuma ya kanisa, kwenye makaburi yenye misalaba. Asiyebatizwa hakuzikwa pale. Alizikwa nyumbani, pembeni ya migomba. Bibi alikuwa akisema, "Nimempikia maisha yangu yote, halafu akalale na wake za watu?" Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini mimi niliyelala chumba kimoja naye nilijua kwamba jambo hilo halikuwa mzaha. Ili abatizwe, ilibidi ayajibu maswali ya katekisimu mbele ya padri.

Mwalimu wake nilikuwa mimi. Baba alikuwa migodini Rhodesia, Mama alikuwa shambani, na mimi nilijifundisha kusoma mwenyewe kwa katekisimu iliyopasuka jalada, nikilinganisha maneno niliyoyajua kwa moyo na alama zilizokuwa kwenye karatasi. Niliyajua maswali yote na majibu yote. Mtu akikosea neno moja nilihisi kama mchanga ndani ya ugali. Jioni tulipopukuchua mahindi nilimwuliza Bibi maswali. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni na ya sala. Mawazo yake yote yalikuwa ya Kinyiha, na jibu alilitoa kama alivyolielewa, siyo kama lilivyoandikwa.

"Umeacha neno," nilimwambia.

"Lipi tena?"

"La katikati. Sema yote."

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao, "huyo Mungu atasusa ugali kwa sababu chumvi imepungua?"

Nilikasirika. Nilimrudisha mwanzo. Alirudi mwanzo, vidole vyake vikiendelea kupukuchua.

Siku ya mtihani kanisa lilijaa. Padri alikaa kwenye kiti cha Mwalimu Gaspari, wakatekumeni wakapita mbele mmoja mmoja. Mimi niliwekwa benchi la mbele kwa sababu nilisifika kwa kukariri. Zamu ya Bibi ilipofika alisimama akiwa amejifunga kitambaa chake kizuri, mikono ameificha ndani ya kitenge. Padri alimwuliza, "Mungu yuko wapi, mama?"

Bibi alifikiri. "Yuko hapa, Baba," alisema. "Na kule shambani nilikotoka asubuhi, yuko. Nikiwa msichana tulikuwa tukitembea hadi Ivuna kufuata chumvi, na njiani kulikuwa na simba. Kule pia alikuwepo. Sema nilikuwa simjui jina."

Padri alianza kutabasamu. Ninaukumbuka mwanzo wa tabasamu lile kwa sababu nilikuwa namtazama yeye, siyo Bibi. Sikuliona kama tabasamu la kuridhika. Nilidhani anamcheka, na kwamba kidogo tu atauliza ni nani aliyemfundisha mama huyu mambo ya simba.  Nikasimama nikasema, "Siyo hivyo, Bibi! Jibu ni, Mungu yuko mbinguni, duniani na mahali pote!"

Kanisa liliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma alisema, "Haya, bwana harusi ameingilia!" Kicheko kikaongezeka. Bibi aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyepigiwa kelele akiwa amebeba mtungi kichwani, ambaye hawezi kugeuka wala kuendelea. Padri aliinua mkono watu wakanyamaza, akamwuliza swali la pili, jepesi kuliko la kwanza. Bibi hakujibu. Akamwuliza la tatu. Midomo yake ilicheza, lakini macho yake yalikuwa kwangu, yakitafuta kwenye uso wangu kama neno analotaka kulisema ni lenyewe. Padri akamgeukia Mwalimu Gaspari, wakanong'ona. Kisha akasema kwa upole, "Mama, utajaribu tena mwakani."

Njiani nilingoja anigombeze. Aliniambia tu, "Una sauti nzuri. Inafika mbali." Jioni nilipoleta katekisimu alisema amechoka. Kesho yake alisema moshi unamwumiza macho. Nikaacha kuileta. Chakula changu alinipakulia kama kawaida, tena mara nyingine zaidi ya kawaida, lakini tangu siku ile hakuniita tena mume wangu. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, lote, bila kulikata, kama wanavyofanya wageni.

Masika yalipokuja Bibi alishikwa na homa ya kifua. Mto ulifurika, padri asingeweza kuvuka hata angeitwa, na Mwalimu Gaspari alikuwa amekwenda Isongole kwenye msiba wa dada yake. Mchana mmoja mvua ikinyesha, Mama alitoka kwenda kuomba dawa kwa jirani. Bibi alifungua macho akasema, "Maji ya kubatizia, si hata wewe unaweza kuyamwaga?"

Nilijua kwamba ninaweza. Lilikuwa mojawapo ya maswali yangu: katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza. Nilichota maji kwa kibuyu mtungini. Aliniambia anataka jina la Anna, kwa kuwa Anna, mzaa Maria, naye alikuwa bibi wa mtu. Nilisimama juu yake, nikainamisha kibuyu, na maji yakaanguka kabla sijasema lolote. Nikashikwa na hofu. Maji yanatakiwa kwenda pamoja na maneno, nami nilikuwa nimeharibu. Nikachota tena. Nikasema, "Anna, nakubatiza," halafu sauti ikakatika. Maneno yale niliyasema kila siku, hata usingizini, na sasa kichwani hapakuwa na kitu. Nilisimama pale nikilia, maji ya kibuyu yakimdondokea shingoni na kulowesha mkeka.

Aliyajua maneno yale. Kwa kiangazi kizima alikuwa ameyasikia kutoka kinywani mwangu. Angeweza kunikumbusha, na angeweza kunicheka, na sidhani ningekuwa na haki ya kulalamika. Alilala akinitazama bila haraka yoyote.

"Anza tena, mume wangu," alisema. "Mimi siendi popote."

Nikaanza tena, nikayasema yote.

Na kweli hakwenda popote. Homa ikapungua, na kiangazi kilipofika alikuwa mtoni na wenzake wakikanyaga udongo, maana padri alikuwa ameagiza kijengwe kanisa la tofali. Padri aliukubali ubatizo wa mkekani, lakini haukuwa na kitambaa cheupe, wala mama wa ubatizo, wala ngoma za kumsindikiza mtu nyumbani. Alipobaki ndani baada ya mahubiri kwa mara ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa amefaulu siku ile ya mtihani alisema kwa sauti, "Jamani, tusogee, Mkristo wa kibuyu apate pa kukaa." Jina hilo likamganda. Mtoni waliliimba huku wakikanyaga udongo. Bibi aliwajibu kwamba maji ya kibuyu ni baridi zaidi, na akacheka. Mimi nilikuwa nikibeba fomu za kufyatulia tofali karibu naye, na sikucheka. Sherehe ile nilimnyang'anya mimi.

Aliona kuta zikifika usawa wa madirisha. Paa hakuliona. Alizikwa nyuma ya kanisa, ubavuni kwa Babu, na msalaba wake niliuchonga mimi, mara tatu, maana miwili ya kwanza haikunyooka.

Sasa sisi ni parokia. Tuna padri anayekaa hapa hapa, bati juu, na kengele inayosikika hadi kwenye mashamba ya kahawa ya bondeni. Mwalimu Gaspari amezeeka, nami namsaidia kufundisha wakatekumeni. Bado nateseka mtu akiruka neno. Hilo halijanitoka, na sijui kama litanitoka. Wazee wakijibu kwa njia ndefu, wakaanzia mbali, nabana mikono chini ya mapaja na kungoja. Jumapili, baada ya mahubiri, wakatekumeni wanatoka kama zamani. Ukuta wa tofali hautoboki kwa kidole, kwa hiyo mwaka huu nilimwomba padri jambo moja, naye akalikubali bila kuuliza sababu. Zamani mlango ulifungwa nyuma yao. Siku hizi tunauacha wazi.