Krismasi Waliyoiita Siku ya Shamba

Baba yangu alipandishwa lori mchana, siku ya Krismasi, mimi nikiwa na miguu yote miwili ndani ya gunia. Ulikuwa mchezo wa watoto: mnashindana kurukaruka ndani ya magunia ya ngano hadi kwenye kamba, na pale mwisho amesimama mke wa bwana mwenye shamba na bakuli la peremende. Nikasikia injini ikiwaka nyuma ya stoo. Kugeuka, namwona baba juu ya lori katikati ya askari, hana kofia, macho yanatafuta watu. Nikataka kukimbia. Gunia likanishika, nikaanguka kifudifudi kwenye nyasi, na watu wakacheka. Hao waliocheka siwalaumu, wengi walidhani ni mchezo unaendelea. Nilipomaliza kutoa miguu, lori lilikuwa limepita geti na mtoto mwingine alikuwa ameshafika kwenye kamba.

Sikumwona tena. Kama yeye aliniona, sijui.

Watu huniambia nisahau. Mimi shule niliacha darasa la pili, na naona kusahau ni kazi ya waliosoma, wanaijua vizuri. Basi mimi nitaandika. Majina siandiki, kwa sababu wana watoto, na watoto wao hawakunikosea kitu. Lakini kazi zao nitazitaja: bwana mwenye shamba, nyapara wake, na mzee wa kanisa letu. Wawili wa kwanza wamekwenda. Wa tatu bado yuko, na ana afya.

Shamba lilikuwa juu huko, ukipanda kutoka Njoro kuelekea Mau Narok. Ngano upande huu, pareto upande ule, na baridi ya kukata masikio. Baba alikamua ng'ombe wa bwana, mama alichuma pareto. Tulikuwa maskwota: unapewa kipande cha kulima viazi na mahali pa kondoo wako wachache, na kwa hicho kipande wewe na watoto wako ni wa bwana.

Baba alikuwa mtu wa wokovu. Hakunywa pombe, hakucheza ngoma, hata ugoro aliutupa. Watu walimwita Haleluya, na wengine walimwita hivyo kwa dharau, lakini yeye aliitika tu. Alikuwa mkaidi, siwezi kuficha. Mama alisema kukosana na baba ni kama kukosana na jiwe la kusagia.

Krismasi zetu za kwanza ninazozikumbuka zilifanyika ndani ya banda la kukaushia pareto. Wanawake walifagia, wakapaka kuta chokaa, na sisi watoto tukapewa kazi ya kuleta matawi. Tuliimba tangu jua linachomoza, tukipita nyumba kwa nyumba, tukiwa tumevaa marinda ya amerikani yaliyofuliwa mpaka yakawa membamba kama karatasi. Mzee wa kanisa ndiye aliyehubiri. Wakati huo hakuwa mzee wa miaka, alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na koti moja jeusi, na baba alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Baada ya maombi, bwana alichinjisha ng'ombe na kutugawia sukari na chumvi. Yeye mwenyewe hakuingia bandani, alikaa nje kwenye gari akivuta sigara. Hatukuona neno. Nyama ilikuwa yake, siku ilikuwa ya Yesu.

Halafu Emajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wazungu. Sisi Wakikuyu tukawa tunaangaliwa kama nyoka ndani ya nyumba. Watu wa kiapo, wale walioapa usiku kupigana na wazungu, walimjia baba, wakamwambia anywe kiapo cha damu. Baba akasema yeye damu aliyoinywa ni ya Yesu na haichanganywi na nyingine. Wakampiga, akakaa mwezi mzima akikamua huku amesimama kwa mguu mmoja. Hakumwambia bwana nani aliyempiga. Alisema, "Hao nao Yesu aliwafia."

Naandika hili ili ijulikane. Mtu waliyemchukua kwa kosa la kiapo ndiye aliyepigwa kwa kukataa kiapo.

Mwaka ule, Krismasi ikikaribia, bwana alituita mbele ya stoo. Alizungumza kile Kiswahili cha wazungu.

"Hapana kanisa sasa. Hapana mkutano. Watu naimba Yesu mchana, usiku nakula kiapo. Mimi hapana taka sikia neno Krismasi hapa shambani. Iko Siku ya Shamba. Iko nyama, iko sukari, iko michezo. Mtu mzuri takuja. Mtu mbaya mimi taona."

Nyapara akapiga makofi, na sisi tukapiga. Njiani kurudi, mama mmoja jirani yetu, mcheshi sana, akasema, "Mimi hata wakiiita Siku ya Punda, bora nyama iwe na mafuta." Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama yangu alicheka pia. Baba hakucheka.

Mzee wa kanisa alikuja kumwona zizini, baba akikamua. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya ndama.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Asifiwe."

"Nimesikia hutaki kwenda."

"Nitaenda. Watoto wanataka nyama kama watoto wengine. Lakini kuiita Siku ya Shamba, hapo sitaiita."

"Jina si kitu, ndugu. Mungu anaangalia moyo. Tukishindana nao juu ya jina, watatufungia hata maombi ya nyumbani."

Baba akaendelea kukamua. Halafu akasema, "Wale wa usiku nao waliniambia maneno si kitu. Nirudie tu wanavyosema, halafu niende zangu nilale."

"Hawa si wale."

"Mimi ni yuleyule."

Mzee wa kanisa akampapasa ng'ombe mgongoni, akaenda. Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Siku nyingine nikiwa peke yangu nayarudia na kuona yana akili. Mama mpaka anakufa aliamini mzee alikuwa na haki na baba alikuwa na kichwa kigumu. "Neno moja," alikuwa akisema. "Neno moja tu, na Yesu angemsamehe. Mimi ndiye nisiyeweza kumsamehe."

Siku yenyewe tulipanga mstari mbele ya stoo. Nilisimama mbele ya baba, nimebeba karai la nyama. Mke wa bwana alipima sukari kwa kikombe, na nyapara alikaa kwenye meza ya nyama, shoka karibu naye, amevaa kofia ya kuazima. Karibu naye alikaa ofisa wa askari kutoka Nakuru, amekuja kula sikukuu na bwana, na lori lake liko nyuma. Mzee wa kanisa aliwekwa pale mezani pia ili watu wa dini wasiogope.

Nyapara alijifanyia mchezo wake. Kila mtu akifika anamwuliza, "Leo ni siku gani?" Ukijibu "Siku ya Shamba," unakatiwa kipande. Yule jirani yetu alijibu kwa sauti ya kuimba, akageuza kiuno, na hata wazungu wakacheka. Mama alijibu chinichini, akapewa. Tukafika sisi.

"Eeh, Haleluya! Leo ni siku gani?"

"Habari ya asubuhi, nyapara."

"Sikuuliza habari. Leo ni siku gani?"

Baba akavua kofia. "Leo ni Krismasi. Leo alizaliwa Mwokozi."

"Ati? Sema tena, hawa wa nyuma hawakusikia."

Baba akasema tena. Hakupaza sauti. Nyapara alikuwa ameshatupa kipande cha nyama ndani ya karai langu, na sasa akanyoosha mkono akirudishe. Baba akawahi. Akakitoa yeye mwenyewe, akakiweka mezani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Basi nyama yenu sitaila," akasema. "Lakini asante."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Ofisa wa askari akamwuliza bwana jambo kwa Kiingereza. Wakati ule ilisemwa kwamba walioapa hawagusi kitu cha mzungu, si sigara, si pombe, si kofia. Na huyu hapa amekataa nyama mbele ya watu wote, na kofia ameivua.

Bwana akauliza, "Kwa nini yeye hapana kula? Yeye mtu ya kiapo?"

Nyapara alijua. Aliishi nyumba ya nne kutoka kwetu, aliona baba alivyopigwa. Akasema, "Bwana, mimi sijui. Usiku mimi nalala."

Bwana akamgeukia mzee wa kanisa. "Wewe. Huyu iko mtu yako ya kanisa?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye hata ningeweza kushika koti lake. Nilifurahi kabisa kwamba ameulizwa yeye. Nilimwangalia mdomo. Akaangalia meza, akaangalia ofisa, halafu akasema:

"Zamani, bwana. Siku hizi simwelewi."

Baba alimwangalia. Wakamshika mikono, wakamkalisha chini nyuma ya stoo, na mstari ukaendelea. "Leo ni siku gani?" "Siku ya Shamba." "Leo ni siku gani?" "Siku ya Shamba."

Mama alitaka kwenda alipokaa baba, askari akamrudisha. Akaenda kwa bwana, bwana akasema ngoja. Akaenda kwa mzee wa kanisa, naye akamwambia, "Nyamaza, mama, usiharibu zaidi. Nitaongea nao jioni." Nyapara akatujia, akasema bwana anataka kuona watoto wakicheza, na mtoto atakayenuna atamwongezea baba yake shida. Mama akanisukuma mgongoni. "Nenda," akasema. "Nenda ucheke." Ndivyo nilivyoingia kwenye gunia.

Jioni mzee wa kanisa hakuongea na mtu. Kabla ya mvua kurudi, tulipakiwa sisi nasi, na kondoo wakabaki. Tulipelekwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo mama hakuwa na hata shangazi wa kumpa maji. Baba tulisikia yuko kambi fulani, halafu nyingine, halafu mtu aliyefunguliwa akasema alimwona akikohoa. Baada ya hapo hakuna. Uhuru ulipokuja mama alizunguka ofisi za Nakuru akiuliza. Kila meza ilimtuma meza nyingine. Kaburi hatulijui. Hata tarehe ya kumwombea hatuna, kwa hiyo mama alimwombea Krismasi, akiwa na hasira.

Bwana aliuza shamba, akaenda zake. Nyapara alipata ekari pale pale, akafa kitandani, na kwaya ilimwimbia.

Mzee wa kanisa yuko hapa Nakuru. Mimi naishi mtaa wa Section 58, nauza mboga, na kanisa lake si mbali. Krismasi iliyopita mjukuu wangu alikuwa anaimba huko, nikaenda. Mzee akashikwa mkono mpaka mbele, akapewa kipaza sauti. Sauti bado nzuri. Akasema juu ya maduka ya mjini.

"Wameandika 'Sikukuu Njema'! Sikukuu ya nani? Wanatundika pamba eti ni theluji, wanauza soda, na jina la mwenye siku hawalitaji! Wapendwa, ukikubali wabadilishe jina la siku, umemkana aliyezaliwa!"

Kanisa zima likasema Amina. Kijana mmoja akapiga kigoma. Mimi nilishika benchi kwa mikono yote miwili. Ni maneno ya baba yangu yale. Nimeyasubiri tangu nikiwa mtoto yasemwe na mtu mwenye kipaza sauti, na ona aliyeyasema.

Nje nilimfuata. "Mzee, unanijua?"

"Nyuso ni nyingi, mama."

"Mimi ni msichana wa yule mkamuaji. Wa Siku ya Shamba."

Akahamisha fimbo mkono kwa mkono. "Aah. Hayo ni ya kale, mwanangu. Wakati ulikuwa mbaya. Tumwachie Mungu." Watu wakaja kumsalimia, wakanisukuma pembeni kwa heshima, nami nikasukumika.

Kortini sitaenda. Korti itaniuliza ushahidi, na mimi ushahidi wangu ni masikio. Pesa sitaki. Na kama uliogopa, mzee, naelewa kuogopa, hata mimi niliambiwa nicheke nikaenda kucheka. Lakini wewe sasa huogopi. Bwana hayuko, lori haliko, wenye maduka hawakufanyi kitu. Basi simama mbele ya hao hao waliosema Amina, useme ni nani aliyekataa kubadilisha jina la siku, na ni nani aliyeulizwa habari zake akasema hamwelewi. Sema alikuwa mtu wa kanisa lako. Sema ulijua.

Usiniambie tumwachie Mungu. Mungu hakuulizwa siku ile pale mezani. Uliulizwa wewe. Jibu.