Bega la Kukamulia Mashuka

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Mashine ya kukamulia iliharibika zamani na wakubwa wakaisahau, kwa hiyo tunakamua kwa mikono, wawili wawili. Mnatazamana, huyu kashika ncha hii, yule ile, na kila mmoja anasokota kuelekea kulia kwake. Mwenzangu ni wifi yangu, dada wa mwanamume aliyeniacha.

Huyo mwanamume ndiye aliyenifundisha kuogelea, enzi za uchumba. Siku aliyohama alisema mbele ya watoto kwamba mimi nimebaki wa kufua tu. Wifi alikuwa anamsaidia kubeba godoro.

Kila mwaka ziwani kuna mashindano: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Yule aliyeniacha huwa kwenye boti ya uokoaji, anawatoa majini walioshindwa. Nikajiandikisha. Nilitaka anione nikimpita.

Mwili haukunihurumia. Kukimbia kwenye lami kulinivimbisha goti, nikawa nalikanda kwa maji ya moto jikoni huku nimeng'ata kitambaa. Goti lilipotulia, kisigino nacho kikaanza; asubuhi nilitembea nikishika ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama. Baiskeli ya kaka yangu ikanitupa mtaroni. Watoto walinicheka, kisha wakaacha kucheka.

Majini ndiko kulikuwa na shida kubwa. Nilikuwa naenda upande. Mkono wa kulia, ule wa kukamulia, ulikuwa umemzidi mwenzake nguvu. Nalenga nguzo, najikuta kwenye matete. Nikamwomba wifi tubadilishe, tusokote kushoto sote wawili. Lazima muwe wawili, maana mmoja akigeuza peke yake shuka halikamuki, linazunguka zima zima na kumvuta mtu.

"Uzeeni ndiyo umekuwa mwanamichezo, wifi?" alisema, lakini akakubali.

Tulikwenda vizuri hadi siku chache kabla ya mashindano. Likaja shuka zito la chumba cha upasuaji. Nikasokota kushoto kwa nguvu zangu zote. Yeye akasokota kulia. Shuka likageuka, likaondoka na mkono wangu, na bega la kushoto likalia kama kijiti kinachovunjika. Alisema mkono umezoea, amesahau. Sikuamini, na siamini mpaka leo.

Daktari, ambaye mashuka yake nayafua mimi, alinifunga bandeji na kunikataza kabisa kuingia majini. Siku ya mashindano nikaivulia ufukweni.

Katikati ya njia bega lilikataa. Nikalala chali, nikapiga maji kwa miguu na mkono mmoja, nikienda mviringo, nikijirudi. Wenzangu wote walishatoka. Boti ikanisogelea, naye akaninyooshea kasia.

"Shika, mama watoto. Basi, yaishe."

Tangu aondoke hakuwahi kuniita hivyo. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. Kasia lilikuwa karibu, ningeligusa kwa kidole.

"Nipishe," nikamwambia.

Alinifuata na boti hadi nchi kavu. Muda ulikuwa umekwisha. Baiskeli yangu ilikuwa imebaki peke yake kwenye vyuma vya kuegeshea, na wasimamizi walikuwa wanakunja kamba. Hakuna aliyenipigia makofi. Mmoja aliniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani. Nikaikokota baiskeli kwa mkono mmoja, nikiwa bado natiririka maji.

Bega halikurudi. Kuchana nywele ni kazi, kukamua ndiyo sahau. Wamenihamishia meza ya kukunja, nakaa na vibibi vinavyosubiri kustaafu. Wifi anakamua na msichana mgeni, kulia kwa kulia. Anaponiletea mashuka namtazama mikono, usoni simtazami.

Juzi alisimama pale mezani, akaniuliza kaka yake aliniambia nini siku ile majini. Nikamwambia akamuulize mwenyewe.