Saini Thelathini na Nne

Na usiniambie habari za utaratibu. Utaratibu upo, umeandikwa, umebandikwa ukutani pale masjala mpaka karatasi imegeuka njano. Daktari wa serikali akitimiza miaka mitatu kazini ana haki ya kuomba ruhusa ya masomo akasomee ubingwa, na aliyeombwa ajibu ndani ya siku thelathini. Ajibu, si akalie. Dokta Mbio alikuwa na miaka mitano. Sasa niambie hapo nani alivunja utaratibu, aliyeomba au aliyekalia.

Walimwita Dokta Mbio kwa sababu ya mwendo wake. Viatu vyake vya raba vilipiga sakafu ya korido pa, pa, pa, mpaka wagonjwa kwenye foleni wakawa wanakaa sawa kabla hajatokeza. Mwanamke mwembamba, kalamu tatu mfukoni na zote haziandiki. Hospitali yao ina majengo sita na madaktari ishirini na kidogo, lakini bingwa wa usingizi hakuna. Mgonjwa wa upasuaji mkubwa anapakiwa kwenye gari, mwendo wa saa tatu, na wengine hawafiki. Mama mmoja alimfia Dokta Mbio njiani amemshika mkono. Tangu siku hiyo akasema atasomea usingizi, na hakuna aliyemtoa hapo.

Mwezi wa tatu akajaza fomu. Karani wa masjala akaigonga mhuri wa kupokelewa, tarehe kumi na moja, akaipeleka kwa mganga mkuu. Mganga mkuu ni mzee mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto. Kila akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: "Iko mezani, mwanangu." Mwezi wa nne iko mezani. Mwezi wa saba iko mezani. Meza gani hiyo, shamba?

Chuo kikampa nafasi, na tarehe juu yake: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi, asiyefika nafasi anapewa mwingine. Ijumaa ya kabla yake akaingia ofisini kwa mzee.

"Mzee, Jumatatu naanza."

"Nenda, mwanangu, nani atakuzuia? Barua itakufuata."

"Ningeomba niondoke nayo."

"Kwani huniamini?"

Hapo ndipo wanapotumaliza. Ungemjibuje mtu mzima swali kama hilo? Akasema anamwamini. Akaenda, na barua haikumfuata.

Sasa, pale hospitali kuna kitabu cha mahudhurio. Kinakaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha la masjala, kalamu imefungwa kamba watu wasiibe. Asubuhi unasaini, saa mbili na nusu karani anapiga mstari. Aliye masomoni anaandikiwa hivyo kwa wino mwekundu mpaka arudi, lakini karani haandiki bila barua. Bila barua panabaki peupe, na peupe siku tano mfululizo ni utoro kazini. Mtoro anafutwa.

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume anaitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja. Mnene, mcheshi, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyempokea Dokta Mbio siku ya kwanza kazini akamwonyesha choo kipi kina maji, na toka hapo wakawa ndugu. Jumatatu ile Mama Pacha alisaini jina lake, macho yakashuka mistari miwili, akaona peupe pa mwenzake. Roho ikamuuma. Barua si inakuja kesho? Akatazama huku, akatazama kule, akachora saini ya Dokta Mbio, herufi mbili na mkia mrefu. Kesho yake tena. Akazoea, kama unavyozoea kumwanulia jirani nguo mvua ikianza. Mwenyewe hakumwambia. Mtoto wa watu anasoma, wa nini kumtia wasiwasi?

Ila karani anayepanga zamu anapanga kwa kutazama kitabu hicho hicho.

Simu ilimkuta Dokta Mbio chuoni, Jumanne, wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkononi.

"Daktari, kamati ya uchunguzi inakutaka Jumatatu saa nne," karani wa masjala akasema, kama anasoma mahali. "Uje ueleze kifo cha Alhamisi."

"Kifo gani?"

"Yule mwashi wa tumbo. Ulikuwa zamu ya mapokezi."

"Mimi niko chuoni, hii wiki ya nane. Nitakuwaje zamu?"

Karani akashusha sauti. "Dokta, umesaini."

Kikombe alikiweka chini vibaya, chai ikamfika mpaka kwenye viatu. Akaanza kurudi nyuma kwenye orodha ya simu zilizoingia, jana, juzi, mpaka Alhamisi. Namba asiyoijua ilikuwa imempigia mara tatu. Saa tatu na dakika kumi, saa tatu na arobaini, saa tano. Alikuwa darasani, simu imezimwa mlio. Aliziona mchana akasema mwenye shida atapiga tena. Mwenye shida hakupiga tena.

Ijumaa akarudi nyumbani. Mume wake ni fundi friji, ana kibanda mbele ya nyumba, na alimkuta amelalia tumbo chini ya friji la watu.

"Hata hujatupa taarifa," akasema, bado yuko chini. "Wamekufukuza chuo?"

Akamweleza yote amesimama, mkoba begani. Mume akatoka taratibu, akafuta mikono kwenye suruali.

"Kwenye kazi yangu friji likifa analaumiwa aliyeligusa mwisho," akasema. "Wewe hata hukuligusa, mke wangu. Waambie hukuwepo, basi."

"Nikisema sikuwepo, mimi mtoro. Nafutwa kazi, chuo kinanitoa. Na watauliza nani alisaini, huyo anaenda polisi."

"Na ukisema ulikuwepo?"

"Mtu amekufa, na mimi ninasema nilikuwepo."

Fundi akamsogelea. Akamshusha mkoba begani. Usiku ule Dokta Mbio hakulala, na gari likipunguza mwendo nje alikuwa anadhani ni polisi mpaka lipite.

Jumamosi akaenda hospitali kwa mlango wa nyuma, kama mwizi, mahali alipofanya kazi miaka mitano. Alimkuta Mama Pacha stoo ya mashuka, anakunja. Mama Pacha alipomwona, shuka likamtoka mkononi.

"Dada, ni nani aliyenisainia?"

"Ni mimi, mdogo wangu." Sauti ya ng'ambo ya barabara haikuwepo. "Siku thelathini na nne. Nilikuwa nakulinda."

"Na zamu?"

"Zamu zako nilikuwa nambembeleza yule kijana daktari mpya akushikie, hata haulizi. Alhamisi nilisaini, ile naenda kumwambia nikatumwa bohari ya dawa kuchukua dripu. Kurudi ni saa tisa." Akakaa kwenye rundo la mashuka. "Mapokezi walikuwa wale wauguzi wa mafunzo, hawakujui hata sura. Mwashi kaletwa saa tatu kasoro, utumbo umejisokota. Alihitaji daktari mmoja tu wa kumwandikia rufaa gari liondoke. Wakatazama kitabu, daktari yupo, kasaini. Wakawa wanakupigia, wanakungoja wewe, hawakuita mwingine. Wamengoja mpaka saa nane."

Dokta Mbio akashika rafu. Alikuwa amekuja na hasira yote ya dunia, akaitafuta, akakuta woga tu.

"Wanangu wako kidato cha nne," Mama Pacha akasema. "Mimi sikwambii useme nini."

Jumatatu saa mbili mganga mkuu alimwita kabla ya kamati. Juu ya meza palikuwa na barua ya ruhusa ya masomo imeshapigwa chapa, tarehe ya mwezi wa tisa.

"Mwanangu, mambo haya tuyamalize kama familia," akasema. "Nikiweka saini hapa, ulikuwa masomoni kihalali. Wewe utasema barua ulikuwa nayo toka siku ile. Yule muuguzi rafiki yako, nimeshajua ni yeye, aligushi kwa sababu zake mwenyewe. Imekwisha."

"Na fomu yangu ya mwezi wa tatu?"

"Fomu gani tena? Tunaongea barua."

Kalamu ya mzee ilikuwa hewani. Ukweli ni kwamba Dokta Mbio aliitaka ile barua. Miezi minane aliiota. Angeichukua angerudi chuoni kesho yake, mwashi si wake, utoro si wake, na kila kitu kingemwangukia mwanamke mmoja anayekunja mashuka.  Akaomba dakika kumi akanywe maji.

Hakwenda kwenye maji. Alikwenda masjala, safari hii bila pa, pa, pa. Karani alimtazama, akavuta jalada lake, akalifungua mpaka nyuma kabisa, chini ya fomu za likizo za zamani. Hiyo hapo. Mhuri wa kupokelewa, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Sehemu ya "Nimekubali, Nimekataa" peupe kabisa, hata tone la wino hakuna. Ilirudishwa jaladani bila kujibiwa, haikukaa mezani siku hata moja.

"Mimi siruhusiwi kukupa hiyo," karani akasema. "Mimi naenda kunywa chai." Akaenda.

Aliipiga picha, na kwa mzee hakurudi.

Kwenye kamati walikaa watu watano, mganga mkuu pembeni. Mke wa mwashi alikuwa kwenye kiti cha ukutani, kitambulisho cha mumewe mkononi, anakigeuzageuza. Dokta Mbio alipoingia, mama huyo akamuuliza aliye jirani naye, "Ni huyu?"

Kwa swali hilo Dokta Mbio alitaka kukimbia. Alisimama.

"Siku ile sikuwepo," akasema. "Nilikuwa chuoni kwa ruhusa ya mdomo ya mganga mkuu. Niliomba ya maandishi miezi minane iliyopita, picha ya fomu hii hapa, haijajibiwa. Asubuhi hii nimeandaliwa barua yenye tarehe ya nyuma, sijaichukua. Kitabu sikusaini mimi."

"Nani alisaini?"

 Mlangoni, kwenye benchi la korido, mtu akakohoa.

"Mimi," Mama Pacha akasema. Aliingia na pochi yake kifuani, mikono miwili. "Niandikeni mimi. Lakini andikeni na kwa nini palikuwa peupe."

Mganga mkuu akaanza kusema mwanangu, hakumaliza. Mke wa mwashi ndiye aliyeongea, polepole, kama anajumlisha kichwani.

"Kwa hiyo mume wangu alikuwa anamngoja mtu ambaye hayupo?"

Watano wote wakatazama makaratasi.

Dokta Mbio na Mama Pacha walisimamishwa kazi. Barua zao zilitoka siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, mihuri mitatu kila moja, tena zimeletwa mkononi. Kumbe barua inaweza kutembea. Mganga mkuu yuko ofisini kwake. Kamati itakaa tena baada ya wiki mbili, na chuo kimesema kitamshikia nafasi siku kumi. Hesabu mwenyewe.

Dokta Mbio yuko kibandani kwa mumewe, anamshikia tochi. Simu ikilia tochi inacheza ukutani, na fundi anangoja itulie. Namba asiyoijua anaipokea kabla haijalia mara ya pili, kila namba, hata aliyekosea.

Na wewe uliye na fomu ya mtu kwenye jalada, unajijua. Itoe. Andika ndiyo au andika hapana, weka tarehe ya leo, mpe mwenyewe mkononi. Kabla hujaenda kunywa chai.