Shubiri Tatu za Msuko

Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa, Karani hakuwahi kuingia katika chumba cha kazi cha mkewe zaidi ya hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kumwambia chakula kiko tayari; ya pili ilikuwa ya kujuta. Chumba kilinuka ngozi, mafuta ya ng'ombe na sabuni ya mche, naye alikuwa mtu wa masjala, aliyezoea harufu ya karatasi, yaani harufu ya vitu vilivyokufa kwa utaratibu.

Mkewe alisuka mijeledi. Watu walimwita Fundi. Wateja wageni walikuwa wakimsalimia Karani barazani wakidhani ndiye msukaji, wakamweleza haja yao kwa kirefu, naye akawasikiliza mpaka mwisho kabla ya kuwaonyesha mlango wa pili. Wengi walikuwa wachunga ng'ombe wa mnadani. Mjeledi wa Fundi haukuwa na haja ya kumgusa mnyama: ulilia hewani tu, na dume zima likakumbuka lilikokuwa linakwenda.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akiwa kazini, miezi minane baada ya mumewe kustaafu. Kilichukua mkono wa kulia, nusu ya uso na sehemu kubwa ya maneno. Yaliyobaki akawa anayatoa mojamoja, kwa ubahili. Mjeledi aliokuwa akiusuka ulibaki ukining'inia kwenye msumari wa mwimo wa mlango: mpini, kisha shubiri tatu za msuko uliokaza, kisha kanda nane za ngozi zikichezacheza bila mwenyewe.

Kila alipokalishwa kwenye kiti chake, Fundi aliugeukia. Karani aliliona hilo, na mtu aliyelelewa na masjala akiona jalada liko wazi hujua jambo moja tu, kwamba linatakiwa kufungwa. Hakumuuliza mkewe anaangalia nini. Aliamua kujifunza kusuka ili aumalize.

Binti yao, aliyekuwa akija kila siku kumwogesha mama yake, alimkumbusha kwamba hata kamba za viatu alikuwa akifungiwa na mama. Karani alijibu kwamba ndiyo sababu siku hizi anavaa viatu visivyo na kamba.

Alianza kwa kuzipika ngozi. Ukanda mkavu hauvutiki, lazima ulowekwe, na yeye kwa akili zake aliona maji ya moto yatafanya kazi haraka kuliko ya baridi. Kanda zikajikunja beseni zima, ngumu kama kucha. Fundi akazitazama, akamtazama mumewe.

"Umetia chumvi?" akauliza.

Akacheka, kwa nusu ya mdomo aliyokuwa nayo. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu atoke hospitali, na Karani angekubali kupika ng'ombe mzima ili akisikie tena.

Basi somo likaendelea. Ukanda wa pembeni unapita nyuma, unachomoza katikati, unarudi upande wake. Halafu wa pembeni wa upande wa pili vivyo hivyo. Hilo mtu yeyote analijua baada ya siku mbili. Shida ni kuvuta. Kila ukanda lazima uvutwe kwa nguvu ileile, iwe saa ya uchovu au ya utulivu, la sivyo mjeledi unapinda kuelekea upande uliouvuta kwa hasira. Wa kwanza wa Karani, wa kujifunzia, ulitoka kama nyoka aliyemeza mayai. Fundi aliushika kwa mkono wa kushoto, akasema, "Huyu apelekwe kwa daktari."

Alifundisha akiwa kwenye kiti, kwa maneno yasiyozidi sita. Juu. Chini. Vuta. Legeza. Fumua. La sita lilikuwa "baba," nalo lilimaanisha kwamba mwanafunzi amechoka na anaweza kwenda kunywa chai. Karani hakwenda kunywa chai. Aliletewa palepale, akainywa kwa vidole vyenye mafuta, yeye aliyekuwa akimtaka mkewe anawe mara mbili kabla ya kusogelea meza. Aligundua kwamba Fundi akifikiri huvuma wimbo usio na maneno. Aligundua kovu dogo chini ya kidole gumba chake, akaambiwa lina miaka ishirini. Hakumwambia mtu, maana ni jambo la aibu kulisema mbele ya watu wanaokuja kukupa pole, lakini wiki zile tisa za kujifunza alikuwa na raha kuliko wakati wowote wa ndoa yake.

Sasa, fani ile ina sheria moja ambayo Fundi aliisema akiwa mzima na akaisema tena akiwa mgonjwa: mjeledi husukwa na mtu mmoja. Ukiletewa ulioachwa nusu na msukaji mwingine, huuendelezi; unaufumua mpaka kwenye mpini, uanze upya. Mvuto wa watu wawili haulingani, na mjeledi hukatika pale anapoishia mmoja na kuanzia mwingine.

Asubuhi moja binti alimpeleka mama yake kliniki kwa mazoezi ya viungo. Karani aliona siku yake imefika. Akautoa mjeledi kwenye msumari, akaloweka zile kanda nane, akaanza kuendeleza. Baada ya nusu shubiri alifumba macho, akapitisha kidole. Kiungo kilijulikana hata gizani: juu palikuwa mfupa, chini palikuwa soksi. Akaikumbuka sheria.

Akafumua. Alifanya hivyo polepole na kwa heshima, akipanda shubiri baada ya shubiri mpaka kwenye mpini. Kanda zilitoka zikiwa na mawimbi, kama nywele zilizosukwa muda mrefu, kila wimbi likionyesha mahali mkono ulipovuta. Akazitia kwenye maji, ya baridi safari hii, kwa kuwa alikuwa amefunzwa. Kwa muda wa kunywa chai zilikuwa zimenyooka kabisa. Aliona zimekubali vizuri, akafurahi.

Alisuka mpaka saa tisa alasiri bila kula. Akapunguza kanda kutoka nane hadi sita, kutoka sita hadi nne, akafunga ncha, akaupaka mafuta, akaubiringisha chini ya ubao mpaka ukawa mviringo. Haukuwa mjeledi wa mwanafunzi. Alilifahamu hilo bila kuambiwa, na alikuwa bado anauangalia mkewe alipoingizwa ndani.

Akamwekea mapajani. Fundi akapitisha kidole gumba cha kushoto kutoka kwenye ncha, akapanda, akipapasa. Kikafika zilipokuwa shubiri zake tatu, kikapunguza mwendo, kikapita. Kikagonga mpini. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Mzuri," akasema. Kisha, "Wangu uko wapi?"

Karani akaeleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma waraka. Mikono miwili haichanganywi. Alijaribu kuunga, ikaonekana. Akafumua mpaka kwenye mpini, kama mwenyewe anavyofundisha.

Fundi akakiondoa kidole kwenye mjeledi.

"Kweli," akasema. "Ndiyo sheria."

Binti alikuwa nyuma ya kiti. Aliweka mkoba chini, akaenda jikoni, na kwa muda mrefu haikusikika sufuria hata moja.

Hapo ndipo Karani alipoelewa mkewe alikuwa akiangalia nini wiki zote zile. Yeye aliona kazi iliyobaki. Mwenzake alikuwa akiangalia kazi iliyofanyika. Mijeledi mingine yote ilikuwa imeuzwa, iko mavumbini nyuma ya ng'ombe wa watu. Ule mkono wa kulia ulikuwa umeacha shubiri tatu tu nyumbani kwake. Usiku ule na kesho yake aliomba radhi.

"Nikusamehe nini?" Fundi alimjibu. "Umesuka vizuri."

Jumamosi akaja mchunga ng'ombe aliyeuagiza kabla ya kiharusi. Akamwamkia Fundi, akaupinda mjeledi, akatoka uani kuujaribu. Ulilia mara moja, kuku wakatawanyika. Akarudi akitabasamu.

"Mama Fundi, watu waongo sana. Wamenambia mkono wako umekufa."

Karani akamtazama mkewe. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumrudisha mteja kutoka njia panda kwa sababu alichukua mjeledi wa msukaji mwingine akidhani umesukwa na Fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Asante, mwanangu," akasema.

Mgeni alipoondoka, Karani akamwambia mkewe kwamba alipaswa kumweleza yule mteja ukweli.

"Nimweleze nini?" Aliyatafuta maneno yaliyofuata moja baada ya jingine. "Kwamba wangu ulikuwepo?"

Tangu hapo Karani amesuka mijeledi kumi na minne, na hakuna uliorudishwa. Kila akimaliza mmoja humpelekea mkewe aukague, na kumwekea mapajani. Fundi huinua mkono wa kushoto kumpisha auweke, na huuacha umeinuliwa hivyohivyo, hewani, mpaka Karani auondoe mjeledi.