Sahani ya Kulwa

Nilipokuwa mtoto, hakuna sikukuu iliyopita nyumbani kwetu bila kupakuliwa sahani moja ya marehemu. Marehemu huyo alikuwa pacha wangu, Kulwa, aliyenitangulia kutoka tumboni na akanitangulia pia kaburini, hata meno hatujaota. Mimi Doto nikabaki, na bibi yangu mzaa baba akahakikisha sibaki na vyote. Kwake yeye, pacha aliyekufa bado ana fungu lake. Ukimpa mmoja, umpe na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa atakuja kumchukua aliyebaki.

Kijijini kwetu Mpimbwe wengi walikuwa wameshaacha mambo hayo. Padri aliyakemea mara mojamoja, na bibi, ambaye hakukosa misa hata siku ya mvua kubwa, alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akarudi nyumbani kupakua sahani mbili. Chakula cha Kulwa hakikumwagwa chini wala hakikupelekwa makaburini. Kilitakiwa kiliwe na mtoto wa kike wa rika letu, asiye wa ukoo wetu. Mtoto huyo alikuwa Minza.

Wazazi wa Minza walikuwa Wasukuma waliohamia kwetu na mifugo, wakajenga ng'ambo ya mto. Watu wetu walipenda kusema kila Msukuma ni tajiri wa ng'ombe. Baba yake Minza alichunga ng'ombe wa mtu mwingine, na yeye mwenyewe hakuwa hata na ndama. Siku za kawaida Minza alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Sikukuu ikifika alivuka mto, akaja kwetu kuwa Kulwa.

Mwaka wetu ulihesabika kwa sikukuu hizo. Karibu na Pasaka mahindi mabichi yalikuwa tayari, lakini hakuna aliyethubutu kutafuna hata punje mpaka bibi achome hindi la kwanza na kulivunja katikati, nusu yangu na nusu ya Minza. Mpunga ukishavunwa, palikuwa na misa ya mavuno. Watu waliingia kanisani wakicheza, vikapu kichwani na kuku kwapani, na kila mwaka lazima kuku mmoja achomoke, watoto tumkimbize katikati ya mabenchi huku katekista akijifanya hatuoni. Baadaye kiangazi kikikolea, Wasukuma walitoa ngoma zao, makundi mawili yakishindana kuvutia watu uwanjani. Huko Minza ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alinishika mkono akanipitisha kwenye miguu ya watu wazima mpaka mbele kabisa, ambako peke yangu nisingefika.

Krismasi ilitukuta kwenye tope, mashamba yamelimwa, lakini ndiyo ilikuwa sikukuu ya nguo mpya. Bibi alinunua kitambaa kimoja, fundi cherehani akashona magauni mawili yanayofanana. Sikukuu zikiisha alinunua sare za shule mbili na madaftari mafungu mawili, kwa sababu Kulwa naye alitakiwa kusoma. Baba alilalamika, bibi akamwambia achague kati ya madaftari na jeneza. Baba hakulalamika tena. Hivyo ndivyo Minza alivyosoma mpaka darasa la nne, kwa jina lake mwenyewe lakini kwa fungu la ndugu yangu wa tumbo moja.

Watoto wenzetu walituita mapacha. Minza alifurahi. Mimi nilikereka. Nilikuwa na roho ndogo, sina sababu ya kuipaka rangi. Niliona kila nilichopata ni nusu, na nusu nyingine imevuka mto.

Mwaka tulipokuwa darasa la nne niliona viatu dukani, vyeusi, vya kung'aa, vyenye kifungo pembeni. Niliviomba kwa Krismasi. Bibi akauliza bei, akatikisa kichwa. Jozi moja ingewezekana, jozi mbili hapana. Akaamua tununuliwe kandambili, mimi na Minza. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Halafu nikanyamaza, nikaanza kufikiri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Nilijua jambo moja ambalo kila mtu nyumbani alilijua. Pacha aliyekufa akiwa na neno, humjia mwenzake ndotoni. Hasemi na mama, hasemi na bibi, hasemi na padri. Na akishasema, hakuna wa kubisha.

Siku chache kabla ya Krismasi nikamfuata bibi jikoni asubuhi. Alikuwa anakoroga uji.

"Bibi, nimemwota Kulwa."

Akauweka mwiko pembeni. "Amesemaje?"

"Amesema hataki tena sahani. Amesema ameshiba. Na Minza asije."

Bibi alinitazama, uji ukachemka ukafurika motoni, wala hakuushughulikia. Akaniuliza kama nina hakika ni Kulwa. Nikaanza kulia. Yalikuwa machozi ya kweli, ya woga, kwa sababu wakati huohuo nilianza kuhisi Kulwa amesimama mahali fulani ananisikiliza. Machozi yale yakamaliza maneno. Bibi alinivuta kifuani akasema basi, mwanangu, basi, tumesikia.

Siku ya Krismasi Minza alikuja kama kawaida. Alikuwa amesukwa nywele upya, miguu ameiosha mtoni, viatu hana. Bibi alimpokea pembeni mwa uwanja kabla hajafika mlangoni. Nilichungulia dirishani. Sikusikia yote, ila nilisikia bibi akimwambia kwa upole kwamba mwenye sahani ameifunga. Hakumpa hata andazi la kushika mkononi, kwa sababu kumpa kungekuwa kumpinga marehemu. Minza aliitikia, "Haya bibi," akageuka. Alitembea taratibu mpaka kwenye migomba, halafu akakimbia.

Ningependa kuandika kwamba vile viatu vyeusi, ambavyo sasa bibi aliweza kuninunulia, vilinibana. Havikunibana. Vilinikaa vizuri sana, niliringa navyo kanisani, na nyama ya siku ile niliila kwa hamu. Dhamiri yangu ilichelewa.

Ilifika shule zilipofunguliwa. Mwalimu aliita majina ya darasa la tano, akaita la Minza, kimya. Kesho yake akaita, kimya. Nilijua kwa nini. Hakukuwa na sare, hakukuwa na madaftari, na baba yake hakuwa mtu wa kuuza chochote ili mtoto wa kike asome, hata kama angekuwa nacho. Ilibaki nirudi nyumbani nimwambie bibi, "Sikuota." Maneno hayo nilitembea nayo kutoka shule mpaka nyumbani siku nyingi. Kila nikifika mlangoni niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa bibi kujua kwamba nimemtia Kulwa uongo kinywani. Siku moja mwalimu akaacha kuita lile jina. Kiangazi kilipofika, familia yao ilihama na ng'ombe wa tajiri kuelekea porini. Baadaye nikiwa sekondari nilisikia Minza ameshaolewa. Bibi naye alifariki, na hakuwahi kuniuliza tena habari za ndoto ile.

Sasa naishi Makanyagio, hapa Mpanda mjini, nina duka la vitambaa. Mwezi wa kumi na mbili uliopita aliingia mwanamke na binti yake kutafuta kitambaa cha sare. Nilikuwa nimeinama napima kitenge cha mteja mwingine. Akasema, "Wewe si Doto?"

Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Tulikumbatiana, nikamwekea kiti, nikaagiza chai. Alikuwa amechoka mwilini lakini mcheshi vilevile. Aliniambia wanalima nje kidogo ya mji, upande wa Misunkumilo, na huyu binti ni wa mwisho, ameapa atamsomesha hata kwa kuuza kuni. Nikamtuma binti akaangalie rangi za vitenge. Ndipo Minza akasogeza kiti.

"Doto, kuna neno limenikaa miaka yote. Nilikuwa naogopa kufa sijalisema."

Nikadhani ananijia mimi. Nakiri kwamba sehemu yangu moja ilishukuru, kwamba hatimaye atasema yeye na mimi nitaitikia tu.

"Yale mavuno ya mwisho, nilificha kipande cha kuku kwenye nguo, nikampelekea mdogo wangu," akasema. "Bibi alishanikataza. Chakula cha Kulwa hakivuki mto, kinaliwa palepale. Mimi nikakivusha. Ndiyo maana Kulwa akanikataa. Hata shule nilijikosesha mwenyewe, kwa kipande cha kuku. Uniombee msamaha kwake, wewe ndiye anayekusikia."

Miaka yote ile. Aliolewa, akazaa, akalima mashamba ya watu na yake, huku akijua kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Mimi nilidhani mzigo ule nimeubeba peke yangu, tena kwa siri nikijiona ninateseka. Kumbe mkubwa zaidi aliubeba yeye.

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa lilelile la zamani, sikuota, na safari hii hapakuwa na fimbo wala bibi. Nilimtazama binti yake aliyekuwa anagusagusa vitenge. Nikaona jinsi Minza atakavyobadilika uso akinisikia, atakavyosimama, atakavyomwita mwanawe watoke.

Nikasema, "Kulwa alishakusamehe. Aliniambia zamani."

Minza alifunika uso kwa kanga, akalia kimyakimya, akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Nikamkatia kitambaa cha binti, nikakataa hela yake. Akanishukuru na kwa hilo pia.

Wakati ule nilijiambia kwamba nimemtua mzigo. Usiku sikulala, na tangu hapo nimekuwa nikiyapima maneno yale. Aliingia dukani kwangu akiamini amekosa, akatoka akiamini amekosa na amesamehewa. Kilichokuwa haki yake ni kuambiwa kwamba hakukosa chochote. Hicho ndicho nilichomnyima, mara ya pili, na mara hii sina utoto wa kusingizia.

Aliniacha na namba yake ya simu. Kutoka hapa mpaka Misunkumilo, bodaboda hawachukui muda. Mwaka umeshaanza, binti yake yuko shuleni, na mimi bado sijaenda.