Firigisi Niliyomnyima Baba wa Kambo

Mjukuu wangu, hadi leo naikumbuka Jumapili moja kule Shinyalu, nilipokuwa na miaka kumi na minne, nikamnyima mtu firigisi. Unacheka? Ngoja kwanza.

Mama alikuwa ameolewa mara ya pili, tukahamia kwa mume wake, Shivachi. Nami kila Jumamosi nilikuwa nikienda sokoni kutazama video. Baba wa kambo wa sinema zile wote walikuwa na sauti nzito na mshipi mkononi. Basi nikausubiri mshipi wa Shivachi. Aliponishonea viatu vyangu, nikasema moyoni, huyu ananivizia.

Jumapili hiyo ndugu zake walikuja kumwona mama. Kuku akapikwa, nami nikapakua. Unajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mimi nikaiweka kwenye sahani ya mdogo wake Shivachi, makusudi kabisa.

Wote wakaitazama sahani ile. Yule mdogo akamgeukia mama. "Ni wewe umemtuma huyu mtoto? Mwanamke wa kudharau bwana yake anarudi kwao."

Mama aliinamisha kichwa. Nikaogopa, maana hatukuwa na pengine pa kurudi.

"Ni mimi nimemwambia akupatie," Shivachi akasema. "Meno inaniuma."

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametafuna mahindi ya kuchoma, magunzi mawili! Mama yake Shivachi, aliyeyaona yote, alinifuata jikoni. "Hizo sinema zako zinaonyeshanga mtu kama huyu?" Nikaona aibu.

Siku hizi nachungulia filamu kwenye simu yako. Baba wa kambo amekuwa mcheshi, anawapeleka watoto matembezi, na kabla haijaisha wote wamekumbatiana. Huwa najiuliza, mbona haraka hivyo? Mimi kumwita Shivachi Baba kulinichukua miaka miwili, naye hakuniuliza hata mara moja ninachelewa nini.

Jumamosi baba yako anamleta mke wake mpya. Nimekusikia ukisema unawajua mama wa kambo walivyo. Umewajulia wapi, mjukuu wangu? Usimchukie kwa sababu ya filamu, wala usijilazimishe kumpenda siku ya kwanza. Mtazame yeye mwenyewe, umpe muda.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu aliye mbele yako. Na siku utakapokosea mbele ya wageni, akuweke karibu na mtu atakayesema meno yanamuuma.